Kabla hujaamini "utafiti umeonyesha", uliza bambo limechomwa wapi

Mnunuzi wa mchele pale Tandale hamwagi gunia zima. Anachoma bambo, kile kichuma chenye ncha cha kuchotea punje guniani, juu, katikati na chini, anamimina punje kiganjani, bei anaijua. Akichoma juu peke yake ameliwa, maana muuzaji mjanja huweka mchele mzuri juu. Utafiti wa kijamii hufanya kazi hiyohiyo kwa watu, na nyingi kati ya "tafiti" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zimechoma juu tu.

Tubuni mfano: "Asilimia 78 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaridhika na usafiri wa umma." Usianze kuuliza wamehojiwa wangapi. Uliza wamepatikana wapi. Kama wahojaji walisimama kituo cha mabasi ya mwendokasi Kimara saa 4 asubuhi, waliowapata ni watu waliokwisha kuchagua mwendokasi, tena wasio na haraka ya kuwahi kazini. Aliyechoshwa na foleni akahamia bodaboda hayupo kituoni. Mkazi wa Chanika, pembeni kabisa ya jiji, ndiyo kabisa. Hata wakihojiwa watu 5,000, jibu linabaki la abiria wa kituo kile kwa saa ile.

Wingi hauondoi upendeleo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, enzi za mdororo wa uchumi, simu na gari zikiwa za wenye nacho. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Kura za Instagram na za vipindi vya redio zina ugonjwa huo wa pili: hujibu aliyeguswa. Ni burudani nzuri, lakini si kipimo.

Sampuli ya haki, yaani wale wachache wanaohojiwa kwa niaba ya wote, hupatikana hivi. Kwa ajili ya sensa, Ofisi ya Taifa ya Takwimu huigawa nchi katika maeneo madogo ya kuhesabia watu. Watafiti huchagua baadhi ya maeneo hayo kwa bahati nasibu, lenye watu wengi likipewa nafasi kubwa zaidi, kisha huorodhesha kaya zake. Tuseme eneo moja la Tandika lina kaya 120 na zinatakiwa 15. Gawanya, unapata 8. Piga kura kati ya namba 1 na 8. Ikitoka 5, unakwenda kaya ya 5, ya 13, ya 21, hadi ya 117. Ndani ya kaya nako mtu mzima mmoja huchaguliwa kwa kura, si yule aliyefungua mlango.

Mambo huharibikia mlangoni hapo. Saa 5 asubuhi wanaopatikana Tandika ni mama wa nyumbani, wazee na wasio na kazi. Muuza mitumba katoka tangu alfajiri. Mhojaji anayelipwa kwa idadi ya madodoso, yaani karatasi za maswali zilizojazwa, ana kila sababu ya kumchukua jirani badala ya kurudi jioni, au kukaa chini ya mwembe akajaza mwenyewe. Masaki na Mbezi Beach tatizo ni geti. Mlinzi anasema bosi hayupo, na mara nyingine anayehojiwa ni mlinzi mwenyewe. Ndiyo maana utafiti makini huagiza kurudi mara mbili au tatu, jioni na Jumamosi, kabla ya kubadili kaya. Msimamizi huwapigia simu baadhi ya wahojiwa kuhakiki. Na ripoti hutaja waliokataa na waliokosekana. Itafute namba hiyo. Walichaguliwa 600 wakahojiwa 600, bila maelezo? Itilie shaka. Hakuna siku Dar ambayo kila mtu yupo nyumbani na ana nafasi.

Utafiti wa simu una pengo lake: asiye na simu haulizwi. Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza, ililiziba kwa kuanza na kaya 2,000 za Tanzania Bara zilizotembelewa nyumbani, zikapewa simu na chaja za sola, ndipo zikawa zinapigiwa.

Sasa idadi. Kujua jibu linaweza kupotoka kwa kiasi gani, gawanya 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Watu 400 wana kipeuo cha 20, hivyo makosa ni kama asilimia 5 juu au chini. Watu 2,400, idadi ambayo Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni Afrika, huhoji hapa nchini, hutoa kama asilimia 2. Hesabu hii ni ya sampuli ya nasibu pekee, na wahojiwa wakichukuliwa kwa makundi ya maeneo makosa huongezeka. Ukubwa wa mji haubadilishi kitu hapa: sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na 400 waliochaguliwa vizuri wanautosha mkoa huu kama wanavyoutosha mkoa mdogo. Ujanja huanza pale hao 400 wanapogawanywa kwa wilaya tano. Kila moja inabaki na watu 80, makosa yanafika asilimia 11, na kichwa cha habari "Kigamboni 52, Ubungo 46" hakina habari yoyote ndani yake.

Kisha soma maswali. "Je, unaridhika na usafi na usalama wa soko lenu?" ni maswali mawili, jibu moja. "Unakubaliana kwamba bei zimepanda mno?" linamsukuma mtu, na watu wetu wana adabu kwa mgeni mwenye kitambulisho shingoni, watakubali. Mama lishe ukimuuliza anapata shilingi ngapi kwa mwezi atakutajia namba ya kukuridhisha. Muulize jana aliuza kiasi gani, alinunua vitu vya shilingi ngapi, na wiki iliyopita alifungua siku ngapi. Na maswali kuhusu serikali ya mtaa, mwenyekiti akiwa amekaa pembeni, hayana thamani.

Mahojiano ya watu 12 si utafiti mbovu, yana kazi yake: kueleza kwa nini. Ubovu huingia mwandishi anapoandika "asilimia 75" badala ya "watu 9". Vilevile ripoti ikisema waliosoma tuisheni wamefaulu zaidi, angalia kama wamelinganishwa na watoto wa wazazi wenye kipato kilekile. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua ya mtaa vina kazi yake, ila havisemi lolote kuhusu ubora wa sampuli.

Usipoona ukurasa wa mbinu, waandikie watafiti uombe dodoso lenyewe, lile la Kiswahili lililotumika mtaani. Wakikutumia la Kiingereza peke yake, huenda kila mhojaji alilitafsiri mwenyewe mlangoni kwa mtu, na wahojaji kumi wameuliza maswali kumi tofauti.