Mnaoanza na seli za uvimbe wa pituitari, ulizeni kipokezi kwanza

Wageni wa maabara, ngoja niwaambie kitu kilichonilia karibu miezi miwili. Nilisoma kwamba dopamini inabana prolaktini, ile homoni ya maziwa inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na ni kweli kabisa, ndo maana wagonjwa wa prolaktinoma, yaani uvimbe unaomwaga prolaktini, wanapewa kabagolini, dawa inayoiga dopamini, basi nikachukua seli za GH3, zile za uvimbe wa pituitari wa panya, nikazimwagia dopamini nikakaa nasubiri prolaktini ishuke. Wapi! Nikabadili dozi, nikabadili midia ya kulishia seli, nikailaumu ELISA, kile kipimo cha homoni, mpaka dada mmoja wa meza ya jirani akaniuliza tu, hivi hizo seli zina kipokezi cha D2? Kumbe GH3 hazina D2 ya kufanya kazi, yaani ile protini ya seli inayoishika dopamini. Seli nyingine za panya, MMQ, ndo zinayo, nami nilikuwa nabisha hodi kwenye ukuta.

Kwa hiyo kabla hujamwaga chochote, jua kipokezi kipo na ndani kinamshtua nani. D2 inashika protini ya Gi, ile ya kuzima, adenilili saiklesi (kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, mjumbe wa ndani ya seli) inapoa, cAMP inashuka, prolaktini inapungua. GHRH, homoni ya ubongo inayochochea homoni ya ukuaji, ni kinyume, inapita kwa Gs, ile ya kuwasha, na cAMP inapanda. Halafu kuna uvimbe wa homoni ya ukuaji wenye GNAS, jeni ya Gs, iliyobadilika, mara nyingi pale kwenye asidi amino ya 201, aginini, hapo Gs inashindwa kuvunja GTP inayoiwasha ili ijizime, seli inaishi kama vile GHRH haijawahi kuondoka, sasa ukiongeza GHRH ukaona mabadiliko kiduchu usishangae, taa ilishawaka.

GH3 lakini zinaitika vizuri kwa TRH, homoni nyingine ya ubongo. Kalsiamu inaruka ghafla, hiyo inatoka kwenye ghala la ndani, halafu inashuka kidogo na kukaa, hiyo inaingia kutoka nje kupitia milango ya utando. Ukipiga picha kila baada ya dakika moja huo mruko wa kwanza utakupita, piga kila sekunde.

Dopamini ichanganye saa hiyohiyo, weka asidi askobiki kidogo, ikishageuka rangi imeungua, mwaga. Ukipima cAMP weka IBMX, dawa inayozuia fosfodiesterasi, kabla ya kichocheo, maana kimeng'enya hicho kinaila cAMP haraka kuliko wewe unavyoshika pipeti. Na seramu, ile ya damu tunayolishia seli, toa mapema jamani, ina homoni zake mle ndani, mimi niliwahi kuisahau nikashangilia matokeo ambayo hata kisima cha kontroli, kile kisichowekewa kichocheo, kilikuwa nayo.