Muulize Fundi: Kinanda cha kadi kimegoma kusoma, nikiuze spea?

SWALI: Sasa fundi. Kuna mzee alikuwa anahama Buruburu akaniuzia kinanda cha kitambo, Yamaha PC-100, na bahasha ya kadi ndefu ambazo zimechapwa nota na ukingoni zina mstari wa sumaku kama wa kadi ya ATM. Nikipitisha kadi kwa ule mfereji kinafaa kipige wimbo chenyewe, lakini ni kadi mbili tatu tu zinakubali, hizo zingine kimya. Fundi wa mtaani amesema hiyo imekufa niuze spea. Ni kweli?
– Msomaji, Umoja

JIBU: Usifungue hata skrubu moja na usimuuzie mtu! Kinanda kikisoma hata kadi moja mpaka mwisho basi hedi, yaani kile kichwa kidogo ndani ya mfereji kinachosoma sumaku, iko sawa na saketi iko sawa, shida iko kwa uchafu ama kwa kadi zenyewe, na hizo zote mbili hazihitaji spea.

Hivi vinanda Yamaha walivitoa miaka ya mwanzo ya 1980 na kadi zenyewe waliziita PlayCard. Watu wengi hudhani kwenye ule mstari kuna sauti imerekodiwa, kama kaseti. Hapana. Kuna data kidogo tu inayosema nota gani, ikae muda gani, kodi gani (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ifuate, halafu chip ya ndani ya kinanda ndiyo inatengeneza sauti, ndio maana wimbo uleule unaweza kuubadilishia ala ukasikika tofauti kabisa. Sasa data ikikosekana mahali kidogo tu kinanda hakiwezi kukisia, kinakataa wimbo mzima.

Anza na hedi. Chomoa umeme, toa betri, halafu tafuta alkoholi ya isopropili kwa duka la dawa, ile kavu isiyochanganywa maji mengi, na kadi nyembamba ya plastiki isiyo na sumaku. Funga kadi na kitambaa laini kisichotoa nyuzi, lowesha kidogo, kitambaa kiwe na unyevu tu kisidondoshe, kisha upitishe kwa mfereji polepole ukifuata njia ileile kadi hupita. Kitambaa kitatoka na rangi ya kahawia, huo ni unga wa sumaku uliobanduka kwa kadi miaka hiyo yote ukachanganyika na vumbi, mtu yeyote aliyewahi kusafisha redio ya kaseti anaujua vizuri. Rudia na kitambaa kipya hadi kitoke safi, acha ikauke kabisa ndio uwashe. Tafadhali usichokore humo ndani na bisibisi, nyingi siku hizi zina sumaku kwa ncha.

Kadi nazo zipanguse kwa kitambaa kikavu, na kama imepinda iweke chini ya vitabu vizito siku kadhaa, kwa sababu ikiinuka hata unywele mmoja hedi haiisikii. Halafu mkono wako usisitesite katikati, vuta mara moja kwa mwendo mmoja. Na hiyo bahasha usiiweke juu ya spika, wala karibu na kava ya simu yenye sumaku! Kadi ikishafutwa imefutwa, hakuna fundi Luthuli wala River Road atairudisha.

Lakini hata hiyo iliyofutwa usiitupe, nakuomba sana. Nota bado zimechapwa hapo kwa karatasi, mtu anayejua kusoma nota ataupiga wimbo wote kwa vidole. Na zile ambazo bado zinasoma zirekodi leo, chomeka waya kwa tundu la hedifoni uingize kwa kompyuta ama rekoda, wimbo mmoja baada ya mwingine. Piga picha kila kadi pia.

Umeme: kama kinanda kilikuja na adapta kutoka Japani hiyo ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na soketi zetu ni 240, ukichomeka moja kwa moja adapta itaungua. Nunua ya hapa inayolingana na volti zilizoandikwa karibu na tundu la umeme, na uangalie ule mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko katikati ama nje, maana ukigeuza unaweza kuua chip.

SWALI: Fundi, kinanda kama hicho kinaweza kufunza watoto wa kwaya?
– Mwalimu wa kwaya, Kayole

JIBU: Kuanzia, ndio mwalimu, na watakipenda. Juu ya vitufe kuna taa ndogo, inawaka pale mtoto anafaa kubonyeza, kwa hivyo ana nota mbele yake na taa inamwonyesha nota hiyo iko wapi. Shida ni vitufe vyenyewe ni vidogo. Mtoto akishazoea nyimbo chache mhamishie kinanda cha vitufe vya kawaida haraka, asije akakariri nafasi za vidole ambazo hazitamsaidia kanisani.

SWALI: Mimi yangu ni Casio CT-701, haina mfereji wa kadi, ina kalamu ya kupitisha juu ya mistari kwa kitabu. Hayo mambo ya sumaku yananihusu?
– Msomaji, Ngara

JIBU: Hayakuhusu. Hiyo ya 1981 inasoma kwa mwanga, kalamu inatofautisha nyeusi na nyeupe kama ile mashine ya kwa kaunta ya supamaketi. Adui yako ni maji, mikunjo na wino kufifia. Safisha ncha ya kalamu, kisha peleka kitabu kiskaniwe kurasa zote kwa ubora wa juu kabla hakijachoka zaidi, na ujaribu kuchapa ukurasa mmoja kwa saizi ileile uone kama kalamu itaukubali. Wewe angalau unaweza kutoa kopi, mwenzako wa Umoja hawezi.