Fundi ametoa themostati, sasa anataka na masega

SWALI: Salaam fundi. Mwezi uliopita nilinunua Range Rover Sport ya 2014, ile ya silinda nane lita 5 yenye supachaja (ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini), imetoka Uingereza. Naishi Shangani hapa Mtwara, ofisi yangu iko Ligula. Lita moja inanifikisha kilomita 4 na nusu tu! Fundi wangu alishatoa themostati (ile vali ya maji ya injini) kwa sababu ya joto la pwani, na sasa anashauri tuondoe masega (kile kisafisha moshi kwenye ekzosi) kisha anifungie kifaa cha kubana mafuta. Nimruhusu? Na kwa mwaka nijiandae na gharama gani? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Usimruhusu. Na themostati irudishwe wiki hii hii.

Kabla ya yote, dashibodi yako inasoma kilomita au maili? Magari ya Uingereza huja na maili. Kama uligawa maili kwa lita, hizo 4 na nusu zako ni kilomita 7 na ushee, na kwa gari hilo hapo mjini huna cha kulalamikia. Kama kweli ni kilomita, tuendelee.

Una nguvu za farasi 510 ndani ya gari lenye uzito wa zaidi ya tani 2. Kiwandani lilipimwa karibu lita 13 kwa kilomita 100, yaani lita moja kwa kilomita 8 kasoro kidogo, na kipimo hicho hufanyika maabara, hakuna tuta, hakuna kiyoyozi. Safari ya Dar kwa mwendo wa kistaarabu ukipata 7, shukuru. Ukipandisha kutoka 100 hadi 120 kwa saa, upinzani wa hewa unaongezeka kwa asilimia 44, na utauona kwenye geji. Supachaja msiisingizie: ukiendesha taratibu inakaa karibu bure. Tatizo lako ni Shangani hadi Ligula. Unawasha, injini haijapata moto, umeshafika na kuzima. Injini ya baridi hupewa petroli ya ziada kwa makusudi ili iwake vizuri, kwa hiyo kwa safari fupi za namna hiyo hata 5 na nusu ningeipokea.

Sasa mtu akikutolea themostati, baridi hiyo haiishi. Hili ndilo linalonichosha. Kila wiki linaingia gari gereji halina themostati, na maelezo ni yale yale: "huku kwetu joto." Joto la Mtwara ni nyuzi 30 na kitu. Maji ya injini yanatakiwa yawe karibu nyuzi 90. Themostati haijui kama uko Mtwara au London. Inafunga mpaka maji yafike joto lake, kisha inafungua yaende kwenye rejeta. Ukiing'oa, maji yanazunguka muda wote. Sensa ya joto inaiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba injini bado ni ya baridi, kontroli boksi inaendelea kumwaga petroli. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Giaboksi nayo inachelewa kufunga ile kufuli yake ya kubana mafuta, kwa sababu nayo inasubiri joto. Mwambie mwenye mashine ya kupima aangalie kama kuna P0128, namba ya hitilafu inayosema maji ya injini hayafiki joto lake. Nina hakika ipo.

Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiwa haipo, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani, umepakia, gari linachemsha. Mmeondoa kifaa kwa kuogopa kuchemsha, na mmeleta kuchemsha. Gari likichemsha, tafuta sababu: maji yanavuja wapi, rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu imechoka, mfuniko haushiki. Kuna kazi hapo, ndiyo maana watu wanaikwepa.

Masega nayo. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya bei kubwa. Muulize fundi wako yakitoka yanabaki na nani, uone atakavyojibu. Kwa gari lenye sensa mbele na nyuma ya masega, taa ya injini itawaka, na petroli haitapungua hata tone.

Na kile kifaa cha kubana mafuta, cha kuchomeka chini ya usukani? Nimevifungua vya aina hiyo: taa tatu na saketi ya kuziwasha. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kubana mafuta, na haikukuta hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Sumaku za kwenye bomba la petroli ni ukoo huo huo.

Gharama: kilomita 15,000 kwa mwaka, kwa kilomita 6 kwa lita, ni lita 2,500. Kadiria shilingi 3,000 kwa lita, uwe na milioni 7 na nusu. Bei halisi ya mwezi iangalie kwenye tangazo la EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Ukibaki na 4 na nusu, ni milioni 10. Weka pembeni matairi (yako ni mapana na membamba ubavuni, mashimo hayayapendi), breki, oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, na mifuko ya hewa ya springi. Wanaonunua magari haya msimu wa korosho huhesabu petroli tu, na hizo springi ndizo huwarudisha kwa dalali.

Themostati agiza Dar kwa namba ya chesisi, itakuja na basi la abiria. Na nyinyi wenye IST na Noah msicheke, mengi yenu hayana. Wenye geji, endesheni mpaka Mikindani mtazame kama mshale umefika karibu na katikati. Wenye ile taa ya bluu ya baridi, kama mmefika Mikindani bado inawaka, mwulizeni aliyeshika rejeta yenu mara ya mwisho.