Mwanangu, usiyakimbie majitaka

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama uache uhandisi wa mazingira uhamie ujenzi kabla mwaka wa pili haujaanza, kwa kuwa wenzako wanasema mhitimu wa mazingira kazi yake ni kusubiri nafasi NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Usihame. Wenzako wanaitazama ofisi moja tu, tena ya usimamizi. Sehemu kubwa ya kazi za fani yako iko kwenye maji: DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na mamlaka nyingine za miji, RUWASA, wakala wa maji vijijini, viwanda vyenye mitambo ya kusafisha majitaka, migodi, na kampuni za ushauri. Nafasi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal na waombaji ni wengi, basi omba, lakini usikae ukizisubiri.

Mimi ningekusukuma kwenye majitaka, yale ambayo wanafunzi wengi huyakwepa kwa sababu ya harufu. Chukua bwawa la mita za ujazo 12,000 linalopokea mita za ujazo 2,000 kwa siku. Maji hukaa humo siku 6. Tope likijaza theluthi moja ya bwawa, zinabaki siku 4, bakteria hawamalizi kazi, na BOD ya maji yanayotoka, yaani oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu uliomo, inaweza kuvuka miligramu 30 kwa lita, kikomo cha viwango vyetu. Asiyejua ataomba fedha za kuchimba bwawa jipya. Anayejua atapanda mtumbwi na mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe, auzamishe hadi chini, autoe taratibu, apime urefu wa taulo lililochafuka. Hicho ndicho kina cha tope. Apime sehemu nyingi, maana tope hurundikana zaidi karibu na mdomo wa kuingilia.

Kiwandani jambo ni jingine. BOD hupimwa kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Majibu yakifika, maji yameshaingia mtoni. Kwa hiyo shika COD, kipimo cha oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali badala ya bakteria, ambayo sampuli yake huchemshwa kwa saa 2 tu, ujue uwiano wake na BOD kwa maji ya kiwanda chako mwenyewe. Tena sampuli iende maabara ndani ya kasha lenye barafu. Ikipigwa na jua njiani, bakteria hula uchafu kabla ya kipimo, na utapata namba nzuri ya uongo.

Kwenye usaili, hesabu kama hii iwe kichwani: tangi la lita 50,000, unataka klorini miligramu 2 kwa lita, unga wako una klorini asilimia 65. Unahitaji gramu 100 za klorini, yaani gramu 154 za unga. Kisha uweze kueleza kwa nini hesabu ni sahihi lakini bombani hakuna klorini: huenda unga ulikaa stoo bila kufunikwa ukapoteza nguvu, au maji yana tope linaloila.

Kuhusu usajili, watu huchanganya mambo mawili. Ukihitimu, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu mara moja, kwa sababu miaka 3 ya kufanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu ndiyo itakayokufikisha kwenye daraja hilo. Andika kazi zako na uzisainishe papo hapo. Msimamizi akihama, kumtafuta ni shida. Kufanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira kunataka usajili mwingine, wa wataalamu wa mazingira. Mmoja haufuti mwingine.

Likizo hii jifunze EPANET, programu ya kukokotoa mitandao ya mabomba ya maji, na QGIS, ya kuchora ramani, zote ni za bure. Mafunzo kwa vitendo omba kwenye mtambo, si makao makuu, kwa sababu makao makuu utapewa mafaili. Barua ya maombi ukishaiandika nitumie niisome kabla hujaipeleka.

Mama yako