Kurudi kupika bia nyumbani baada ya watoto: anza na sufuria

Kama ulikuwa unapika bia nyumbani kabla hujaanza kulea, na sasa mdogo kashaanza shule na mikono inakuwasha, tafadhali usianze kwa kushusha ile ndoo ya lita 23 kutoka darini. Nasema hivi maana karibu kila mshkaji ninayemjua hapa Leeds aliyejaribu kurudi alirudi kwa gia ile ile aliyoachia, yani anatenga Jumamosi nzima, saa nne asubuhi kawasha jiko, saa kumi jioni bado anasuuza ndoo, mama watoto kashawapeleka kuogelea peke yake na karudi kanuna, mwezi unaofuata vyombo vyote vinapanda tena darini. Na bia ilitoka nzuri tu!

Mi nilikaa pembeni miaka ya kutosha, na niliporudi nilirudi na sufuria ya lita 12, ile ya pilau la wageni, kwa lengo la lita 5 basi. Maji lita 8, kimea cha shayiri kilichoparazwa kilo 1.2 ndani ya mfuko wa neti, joto nyuzi 67, unafunika na kuviringishia blanketi kuukuu kwa saa moja, alafu unanyanyua mfuko unauacha uchuruzike, unachemsha na hopsi (maua makavu ya kutia uchungu na harufu) nusu saa, ikipoa unatia hamira, umemaliza. Inatoka bia ya kama asilimia 5, chupa tisa hivi za nusu lita. Najua kuna watu watacheka, chupa tisa ndo nini, lakini wewe unayeamshwa saa kumi na mbili asubuhi na mtoto anayedai katuni unakunywa chupa ngapi kwa wiki? Afu lita 5 zinapoa zenyewe kwenye sinki la maji ya baridi na barafu, ule mrija wa shaba wa kupoozea uache huko huko ulipo.

Ila kupunguza lita peke yake hakutoshi, kilichonisaidia zaidi ni kuikata kazi vipande. Watoto wakishalala saa mbili usiku napasha maji, naweka kimea, nafunika blanketi, naenda zangu kulala. Usiku kucha joto linashuka taratibu, asubuhi unakuta nyuzi hamsini na kitu, bia inakuja kuwa kavu kidogo, ule utamu utamu unapungua, na binafsi napenda hivyo. Cha kuzingatia tu, asubuhi uichemshe kweli, usiiache hadi jioni, nafaka ina bakteria wake na ikipoa sana wanaanza kuichachua kabla ya hamira yako. Na kama hata kupooza huna muda kuna ujanja wa Waaustralia, kule maji ya kuchezea hayapo, wanamimina ikiwa ya moto kabisa kwenye dumu la plastiki nene lenye alama ya 2 kitakoni (ile plastiki inayohimili moto huo), wanalifunga, wanaligeuza moto uguse kila mahali mpaka chini ya kifuniko, hamira wanatia kesho yake. Hopsi ulizotia mwishoni zitaongeza uchungu kidogo kwa sababu moto umekaa muda mrefu, kwa hiyo unazipunguza.

Hili la vipande sio jipya hata. Bibi yangu Machame, kule Kilimanjaro, alikuwa anapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na sikumbuki siku hata moja ambayo nyumba ilisimama kwa ajili hiyo. Leo ndizi zinachemshwa mpaka zinageuka nyekundu, zinawekwa pembeni zichache kwa siku kadhaa, huku ulezi ulishalowekwa ukachipua, ukaanikwa, ukapelekwa mashine, siku nyingine anapika mso, yani uji, kwa unga wa huo ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu, anachanganya na maji ya ndizi, kesho yake watu wanakunywa. Katikati ya hayo ng'ombe wamekatiwa majani na sokoni kaenda. Sisi wa ndoo na haidromita (kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki) tukajiaminisha kuwa lazima yote yaishe siku moja.

Haya, vile vitu vya darini. Hopsi zilizofunguliwa kabla mtoto hajazaliwa zinuse, zikinuka jibini au soksi tupa, usijiambie zitachemka zitaisha. Hamira ya maji tupa bila hata kufungua. Ya unga ikiwa haijafunguliwa na ilikaa kwenye friji angalia tarehe, ila bei yake ni ndogo mno kuhatarishia bia nzima, nunua mpya (pakiti ya gramu 11 ni ya ndoo kubwa, kwa lita 5 nusu yake inatosha sana). Kimea tafuna punje, kama imelegea mdomoni badala ya kukatika kakaka, au umekuta fukusi, hicho ni chakula cha kuku. Ndoo ipitishe kidole ndani, ikiwa na mikwaruzo haifai tena, vijidudu vinajificha mle na dawa haifiki, na bomba lake lifungue lote maana kwenye uzi wa skrubu ndo kuna uchafu wa miaka. Mipira inayokaza vifuniko ikikauka badilisha. Haidromita itumbukize kwenye maji ya nyuzi 20, isome 1.000, isiposoma hivyo ijue tofauti yake.

Usinunue lile pipa la umeme linalofanya kila kitu. Bado.

Kuhusu watoto nitakuwa mkali kidogo. Mtungi wa kioo sahau, ukiponyoka mkononi ukiwa umelowa unakata vibaya, tumia plastiki. Dawa ya kusafishia usiihamishie kwenye chupa ya soda hata kwa dakika tano. Maji ya kimea yanayochemka ni mazito, yana sukari, yananata kwenye ngozi, ndo maana mi nachemsha wakiwa wamelala au hawapo. Na bomba la ndoo lisikae kwenye urefu wa mtoto wa miaka mitatu, kwake ni kitu cha kuchezea tu. Alafu kuna harufu, wakati wa baridi nguo zinakauka ndani juu ya redieta, ukichemsha hopsi siku ya kufua sare za shule zitaenda darasani zinanuka baa.

Hamira ya kuanzia ningekushauri kveik ya Voss, ya wakulima wa Norway, walikuwa wanairithishana nyumba kwa nyumba. Inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 mpaka 40 na mara nyingi siku tatu nne imemaliza, kwa hapa unahitaji mkanda wa joto au lile kabati la tangi la maji moto, kwa ndugu wa Dar na Mombasa ndo kabisa, huna haja ya friji. Ila kumaliza upime kwa haidromita, isome namba ile ile siku mbili mfululizo ndo ufunge chupa, na sukari unayotia wakati wa kufunga ili bia ipate gesi isizidi gramu 30 kwa hizo lita 5, chupa ikilipuka stoo kwenye baiskeli za watoto hakuna atakayekuelewa.

Ushuru usiogope, Uingereza leseni ya kupika kwa matumizi ya nyumbani ilifutwa 1963. Kuuza ndo hairuhusiwi bila kibali, kwa hiyo washkaji wakishaonja wakaanza kuuliza bei, waambie walete kimea.