Kwani Wales waliwahi kuwapiga Wanormani uso kwa uso?

Waliwahi kuwapiga mzee, tena vibaya, hao Wanormani waliotoka Ufaransa wakaitawala Uingereza. Wewe umesema watu wa Wales walikuwa wanavizia tu msituni wakipiga wanakimbia, sasa cheki vita ya Crug Mawr, Oktoba 1136, karibu na mji wa Cardigan huko Wales. Mfalme Henry I wa Uingereza alikuwa keshakufa Desemba 1135, Waingereza wanagombania kiti, watu wa Wales wakaona hii ndo nafasi. Halafu kulikuwa na hasira ya kifo cha Gwenllian, huyo mama wa Wales aliongoza jeshi mwenyewe dhidi ya Wanormani akauawa kule Kidwelly mwaka huohuo, sasa kaka zake Owain na Cadwaladr wakashuka kutoka Gwynedd, ufalme wa kaskazini mwa Wales, wakaungana na mumewe Gruffydd ap Rhys, yaani ni vita ya mashemeji kabisa. Wanormani wakavunjwa, wakakimbilia mjini na Wales nyuma yao, wakajazana kwenye daraja la mto Teifi likakatika, wengi wakafa maji. Mji ukachomwa. Ngome tu ndo iligoma kuanguka, na hapo ndo shida yao ilipokuwa siku zote, uwanjani wanashinda ila kutoa Mnormani ndani ya ngome ni kasheshe.