Simu imesema si kichocho, lakini choo kina damu

Mdogo wangu wa Igombe, pole. Unasema tumbo linakusokota wiki ya tatu, choo kina damu, na akili mnemba ya kwenye simu imekutoa hofu kwamba si kichocho kwa sababu mkojo wako ni safi. Hapo imekuingiza chaka. Kichocho cha mkojo ni aina moja tu. Huku kandokando ya Ziwa Victoria kinachotusumbua zaidi ni cha tumbo, na mayai yake hutoka na choo. Uliiambia kwamba unashinda majini ukivuta nyavu? Kama hukusema, ilikujibu kama mtu wa ghorofani Ulaya.

Kesho nenda zahanati, omba kipimo cha choo. Damu itaje bila haya, maana inaweza pia kuwa amiba au jambo jingine kabisa. Vidonge vya kukadiria dukani achana navyo: praziquantel, dawa ya kichocho, hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo lazima upande mzani kwanza. Na kula kitu kabla ya kumeza; mimi nilimeza na njaa, kizunguzungu nilichokipata nakijua mwenyewe.

Simu usiitupe. Ukipata majibu, iulize yale maneno ya kwenye karatasi yana maana gani, kisha usichoelewa mrudie daktari nacho.